Busia: Kwa nini familia za mpakani hutafuta nasaba zao

Kwa wakazi wa Dabani, wilayani Busia mashariki mwa Uganda, kuujua ukoo wa babu si jambo la fahari peke yake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini humo, ambaye mzazi, babu au bibi yake ni wa jamii asilia iliyoishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wasamia na Wagwe wamo katika orodha ya jamii hizo.

Kuthibitisha hilo si rahisi. Mwaka 1902 Uingereza ililihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliweka chini ya himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka, huku Mto Sio ukiwa sehemu ya mpaka huo. Katika miaka hiyohiyo, ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, na Gavana Hesketh Bell akaamuru wakazi wa fukwe za Uganda wahamishwe. Jamaa wengi wakatawanyika.

Majina nayo hayasaidii sana. Wabwire ni aliyezaliwa usiku, Wafula ni wa msimu wa mvua. Ndugu wa baba mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana, na kitambulisho kisionyeshe ukoo.

Hivyo mtafutaji huanza kwa wazee. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na ni mwiko kuoana ndani ya ukoo mmoja; kwa hiyo kila posa huwalazimu wazee kutaja nasaba za pande zote mbili.

Hatua ya pili ni kanisa. Daftari la ubatizo la parokia ya Kikatoliki huandika majina ya wazazi na wasimamizi. Muumini akifunga ndoa kwingineko, parokia ya ndoa hupaswa kuiarifu ile aliyobatizwa. Aliyebatizwa Dabani na kuolewa Kenya anaweza kupatikana kwa njia hiyo.

Katika miaka ya 1960, wanahistoria John Osogo na Gideon Were walikusanya masimulizi ya koo za Waluhya, Wasamia wakiwamo. Masimulizi ambayo hayakuandikwa yamebaki vichwani mwa wazee, na kila mazishi huyapunguza.