Ukiwa na mashaka, dhamiri inakutaka ufanye nini?

Mkulima amepiga dawa nyanya zake. Kesho ni siku ya gulio, mnunuzi ameahidi kuja na gari, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Lakini mkulima hakumbuki alipiga dawa siku gani, wala hajui kama siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimekwisha. Je, akiuza atakuwa ametenda dhambi, au hana kosa kwa kuwa hana hakika?

Wanateolojia wa maadili wa Kanisa Katoliki wamelijadili swali la namna hii kwa karne nyingi. Mwaka 1577, Bartolomé de Medina, Mdominikani wa Hispania, alifundisha kwamba mtu mwenye mashaka anaweza kufuata maoni yenye sababu nzuri, hata kama maoni ya upande wa pili yana nguvu zaidi. Baadaye wengine walilegeza mno, wakapata kisingizio cha karibu kila jambo. Papa Inosenti XI aliukataa ulegevu huo mwaka 1679. Wengine nao walikaza mno, wakitaka sheria ifuatwe hata palipo na sababu nzito za kuwa huru. Mafundisho hayo yalikataliwa mwaka 1690, wakati wa Papa Aleksanda VIII. Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787, alishika njia ya kati.

Kutokana na mjadala huo tunapata hatua tatu.

Kwanza, usitende ukiwa bado na mashaka. Anayesema "iwe dhambi isiwe dhambi, nafanya tu" tayari amekubali ubaya moyoni.

Pili, tafuta ukweli. Katekisimu inafundisha kwamba mtu asiyejali kuutafuta anaweza kuwajibika kwa makosa ya dhamiri yake. "Sikujua" si utetezi kwa aliyekataa kuuliza.

Tatu, angalia mashaka yako yanahusu nini. Mama anayenyonyesha ameuliza kama sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu inamhusu, na bado hajapata jibu la hakika. Huyo yuko huru, kwa sababu sheria yenye mashaka haimlazimishi mtu. Lakini uhai wa mwingine ukiwa hatarini, lazima ushike njia iliyo salama zaidi. Walimu wa maadili hutoa mfano wa mwindaji anayeona kichaka kikitikisika. Kama hajui ni mnyama au ni mtu, haruhusiwi kupiga.

Turudi kwa mkulima wetu. Asome maelezo kwenye chupa ya dawa, amuulize bwana shamba, awaulize waliomsaidia kupiga dawa. Asipopata hakika, asubiri mpaka siku zilizoandikwa ziwe zimepita bila shaka. Kumwambia mnunuzi peke yake hakutoshi, maana watakaokula ni watu wengine ambao hawajaambiwa kitu. Hasara ya gulio moja inauma, na ada bado inadaiwa. Lakini deni la ada linaweza kuombewa muda. Sumu iliyokwisha kuliwa hairudi.