Kalamu Nyuma ya Kaunta: Maisha na Kazi za Waandishi wa Kigujarati Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Sherikat, Juba

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna waandishi wa lugha ya Kigujarati walivyoishi na kufanya kazi, hasa wale waliofika Afrika Mashariki au walioandika kuihusu. Inabainisha kwamba wengi wao hawakuishi kwa kalamu, bali kwa duka, sheria, uhandisi, ualimu na uhariri wa magazeti. Aidha, inaonesha kwamba uandishi wao ulitegemea mambo matatu: shule, matbaa na mfadhili. Mambo hayo yalipoondoka, lugha ilibaki nyumbani na dukani, lakini mnyororo wa waandishi ukadhoofika. Hoja hiyo inatumiwa kuiangalia Sherikat, mtaa wa biashara ulioko Juba, ambako Kiswahili nacho kimeingia kwa mlango wa soko.

1.0 Utangulizi

Sherikat ni mtaa ulioko upande wa mashariki wa Mto Naili, jijini Juba, kando ya barabara iendayo Nimule kwenye mpaka wa Uganda. Jina lenyewe lina mzizi wa Kiarabu uleule ulioipa lugha ya Kiswahili maneno shirika na ushirika. Barabara hiyo, yenye urefu wa takribani kilomita 190, ilikamilishwa kwa lami mwaka 2012, na daraja jipya la kuvukia Naili likafunguliwa mwaka 2022. Kupitia njia hiyo hupita unga, saruji, mafuta na nguo, na pamoja na bidhaa hizo hupita lugha. Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kibari na lugha nyingine za nchi hukutana hapo na Kiswahili cha madereva na wachuuzi, na cha familia zilizorejea kutoka kambi za wakimbizi za Kenya na Uganda.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Tangu hapo, mjadala wa Kiswahili nchini humo umejikita zaidi katika manufaa ya biashara na utangamano. Swali linaloulizwa kwa nadra ni hili: je, lugha iliyoletwa na biashara huzaa waandishi, na ikiwazaa, ni nini huwadumisha? Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mmoja unaoweza kulijibu swali hilo, nao ni Kigujarati.

Mfano huo hauko mbali na Sherikat. Alidina Visram, mfanyabiashara wa Kikhoja kutoka Kachchh aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na mtandao wa maduka ulioanzia pwani, ukapita Uganda na kufika hadi Gondokoro, kwenye ng'ambo ileile ya mashariki ya Naili. Wafanyabiashara wa aina yake waliweka hesabu zao kwa Kigujarati. Kwa hiyo maandishi ya Kigujarati yalifika katika ukingo huo wa mto zaidi ya karne moja iliyopita, yakiwa katika daftari la deni.

2.0 Hati ya wafanyabiashara na ndoto ya kuishi kwa kalamu

Uhusiano wa Kigujarati na daftari la biashara una historia ndefu. Hati yake, isiyo na mstari wa juu unaounganisha herufi kama ulivyo katika Devanagari, ilitumika kwanza katika barua na hesabu, na ikaitwa hati ya wafanyabiashara. Maandishi ya fasihi yaliendelea kwa muda mrefu kuandikwa kwa Devanagari. Hati hiyo ilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1797, katika tangazo la gazeti la Bombay. Mwaka 1822 Fardunji Marzban, Mparsi, alianzisha gazeti la Bombay Samachar, ambalo bado linachapishwa.

Matbaa hizo ndizo zilizofungua njia kwa mwandishi wa kisasa. Narmad (1833–1886), mshairi na mwanamageuzi wa Surat, aliacha ualimu mwaka 1858 akaapa kuishi kwa kalamu yake peke yake. Alitunga mashairi, akaandika habari za maisha yake, akakusanya kamusi na kuhariri jarida lililoshambulia mila kandamizi. Madeni yalimwandama, na mwaka 1882 alilazimika kukubali ajira, jambo lililomuumiza sana. Govardhanram Tripathi alichagua njia tofauti: alifanya kazi ya uwakili hadi alipojiona ana akiba ya kutosha, kisha akastaafu mapema ili kukamilisha riwaya yake ya juzuu nne, Saraswatichandra, iliyotoka kati ya 1887 na 1901. Jhaverchand Meghani (1896–1947) alipitia kiwanda cha alumini huko Kolkata kabla ya kurudi Saurashtra na kuwa mwanahabari na mkusanyaji wa fasihi simulizi.

Wasifu wa watu hawa watatu unaonesha hali moja. Hata katika nchi yenye mamilioni ya wasemaji, fasihi ya Kigujarati iliandikwa na watu waliokuwa na kazi nyingine, au walioumia kwa kukosa kazi nyingine. Waliovuka bahari kuja Afrika walikuwa na wasomaji wachache zaidi, na kazi nyingi zaidi za kufanya.

3.0 Waandishi waliofika Afrika Mashariki

3.1 Wasafiri

Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wawili waliacha maandishi ya Kigujarati yenye thamani kubwa kuhusu bara. Mmoja ni Ebrahimji Noorbhai Adamji, kijana wa Kibohora aliyeandika habari za safari zake za biashara kutoka pwani kwenda bara. Mwingine ni Sorabji Darookhanawala, mhandisi wa Kiparsi, aliyesafiri hadi Uganda na kuandika alichokiona. Hakuna kati yao aliyejiita mwandishi kwa kazi. Maandishi yao yalifahamika kwa wasomaji wengi zaidi mwaka 1997, yalipochapishwa pamoja kwa tafsiri ya Kiingereza.

3.2 Mwanasheria aliyegeuka mwalimu

Gijubhai Badheka (1885–1939) alifika Afrika Mashariki mwaka 1907 kutafuta riziki na akarejea India mwaka 1909. Alisoma sheria na kuifanyia kazi, kisha akaiacha kwa ajili ya elimu ya watoto. Mwaka 1920 alianzisha shule ya watoto wadogo huko Bhavnagar, na kwa kuwa watoto hao hawakuwa na vitabu vya kuwafaa, aliviandika mwenyewe. Hadithi zake na kitabu chake Divaswapna, kinachosimulia jaribio la mwalimu mmoja darasani, vilimweka miongoni mwa waanzilishi wa fasihi ya watoto ya Kigujarati. Ikumbukwe kwamba kazi hiyo yote aliifanya baada ya kuondoka Afrika. Alikoenda kulikuwa na shule, na shule ndiyo iliyomfanya mwandishi.

3.3 Tajiri aliyeandika maisha yake

Nanji Kalidas Mehta alivuka bahari akiwa bado kijana mdogo kutoka eneo la Porbandar. Alianza na duka, akaingia katika pamba, na mwaka 1924 akajenga kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Aliandika habari za maisha yake kwa Kigujarati, na tafsiri ya Kiingereza, Dream Half Expressed, ikatoka mwaka 1966. Alifariki mwaka 1969, miaka mitatu kabla ya Waasia kufukuzwa Uganda. Kitabu chake ni wasifu wa mtu aliyefanikiwa, na hivyo kinapaswa kusomwa kwa tahadhari: sauti ya mkulima wa miwa na ya mfanyakazi wa kiwanda husikika humo kwa mbali. Hata hivyo, ni ushahidi kwamba mfanyabiashara aliiona lugha yake ya nyumbani kuwa chombo kinachofaa kubeba maisha yake yote.

3.4 Walioiandika Afrika kwa macho ya India

Gunvantrai Acharya alitoa riwaya ya Dariyalal mwaka 1938, akiiweka Zanzibar katika enzi ya biashara ya watumwa na kuwahusisha wafanyabiashara wa Kigujarati na dhamiri yao mbele ya biashara hiyo. Kaka Kalelkar, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kimarathi lakini aliyekuja kuwa bingwa wa nathari ya Kigujarati, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1950 na kuandika kitabu cha safari hiyo. Kwa wasomaji wa Ahmedabad na Rajkot, vitabu kama hivi ndivyo vilivyokuwa dirisha la kuitazama pwani ya Waswahili.

4.0 Gazeti, shule na mfadhili

Kwa mwandishi aliyeishi Zanzibar, Mombasa au Nairobi, gazeti lilikuwa mahali pa kwanza pa kuchapishwa. Samachar lilianzishwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Mombasa ilikuwa na Kenya Daily Mail, lililoanzishwa miaka ya 1920. Nairobi ilipata Colonial Times mwaka 1933, chini ya Girdharilal Vidyarthi, ambaye uandishi wake dhidi ya ukoloni ulimfikisha mahakamani. Magazeti haya yalichapishwa kwa Kiingereza na Kigujarati pamoja. Kurasa za Kiingereza zilizungumza na serikali. Kurasa za Kigujarati zilizungumza na nyumba. Muundo kama huo ulikuwa umetumiwa pia Afrika Kusini na Indian Opinion, gazeti lililoanza mwaka 1903, ambamo Gandhi aliandika kwa Kigujarati hoja zake nyingi za awali.

Gazeti lilihitaji matangazo ya wenye maduka, nao ndio waliokuwa wafadhili. Lilihitaji pia wasomaji waliofundishwa hati, na hao walitoka katika shule za jumuiya. Hapa ndipo ufa ulipoanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Aga Khan III aliwahimiza Waismaili wa Afrika Mashariki wasomeshe watoto wao kwa Kiingereza. Baada ya uhuru, mifumo ya elimu ya kitaifa haikuacha nafasi kubwa kwa Kigujarati kama lugha ya kufundishia. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na tangazo la Idi Amin la 1972, lililowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, yaliwatawanya wasomaji waliobaki.

Matokeo yake yalionekana katika kizazi kimoja. Bahadur Tejani alipotoa Day After Tomorrow mwaka 1971, na M. G. Vassanji alipotoa The Gunny Sack mwaka 1989, wote waliandika kwa Kiingereza. Kigujarati na Kikachchi viliingia katika kazi kama hizo kama mwangwi wa sauti ya bibi, si kama lugha ya kitabu. Juhudi za kukiandika Kigujarati zilihamia Uingereza, ambako chuo cha fasihi ya Kigujarati kilianzishwa mwaka 1977, na ambako Vipool Kalyani alianzisha jarida la Opinion mwaka 1995.

5.0 Kilichobaki katika Kiswahili

Kiswahili kilipokea kutoka kwa Wahindi maneno kama bepari, hundi, laki, dobi na bajia. Orodha hiyo inajieleza yenyewe: ni maneno ya fedha, ya huduma na ya chakula. Lugha mbili zilizoishi mlango kwa mlango kwa zaidi ya karne moja zilibadilishana bidhaa kuliko zilivyobadilishana vitabu. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kumfahamu Adamji au Mehta hulazimika kupitia Kiingereza, ingawa watu hao waliishi miongoni mwa Waswahili. Sababu si uadui. Kaunta ilihitaji maneno machache tu, na hakuna taasisi iliyojitwika jukumu la kuyavusha yaliyosalia.

6.0 Funzo kwa Sherikat

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanaihusu Sherikat moja kwa moja. Kwanza, soko hueneza lugha lakini haliitunzi. Kiswahili cha kupatana bei kinaweza kustawi kando ya barabara ya Nimule kwa miaka mingi bila kuzaa hadithi moja iliyoandikwa. Pili, mwandishi wa mahali kama hapo atakuwa na kazi nyingine: atakuwa mwalimu, dereva, karani au muuza duka. Mpango wowote wa kukuza uandishi usimsubiri mwandishi wa kudumu. Umwendee huyu aliyepo, kwa gazeti la ukutani, jarida la shule au kipindi cha redio. Tatu, shule ndiyo nguzo ya mwisho kuanguka na ya kwanza kujengwa. Gijubhai aliandika kwa sababu watoto walikuwa mbele yake bila kitabu. Watoto wa Sherikat wako katika hali inayofanana na hiyo.

Funzo hilo halikihusu Kiswahili peke yake. Kidinka na Kibari zina hati na zina vitabu vilivyochapishwa, lakini nazo zinaweza kurudi nyuma ya kaunta endapo Kiswahili kitaingia kama Kiingereza kilivyoingia katika nyumba za Wagujarati, yaani kwa kuchukua nafasi badala ya kuongeza nafasi. Magazeti ya lugha mbili ya Mombasa na Nairobi yanaonesha kwamba ukurasa mmoja unaweza kubeba hadhira mbili kwa miongo kadhaa.

7.0 Hitimisho

Waandishi wa Kigujarati wa Afrika Mashariki hawakukosa vipaji wala mambo ya kusema. Walichopoteza ni msomaji wa kizazi kilichofuata, naye alipotea darasani kabla ya kupotea uwanja wa ndege. Wapangaji wa sera ya Kiswahili nchini Sudan Kusini, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, wana nafasi ya kuanza pale ambapo Kigujarati kilikatikia: kumwandaa msomaji mapema, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwake, ili atakapotokea mwandishi Sherikat awe na wa kumwandikia.