Jina lako kwenye kompyuta ni sahihi yako

Hospitali ya Consolata Ikonda, kule milimani Makete, mkoani Njombe, hupokea wagonjwa wanaotoka mbali, wengine Dar es Salaam. Penye wageni wengi hivyo, daktari humjua mgonjwa kwa rekodi yake kuliko kwa sura. Na rekodi ikishaingia kwenye kompyuta, katika hospitali yoyote, hupita mikono mingi: mapokezi, maabara, famasia, dirisha la malipo.

Ndiyo maana kila mhudumu hupewa jina lake na nywila yake. Jina linasema wewe ni nani, nywila inathibitisha, kisha mfumo unaangalia umeruhusiwa nini: karani aone deni, asione majibu ya kipimo cha VVU. Kuanzia hapo kila unachofanya kinaandikwa kwa jina lako, pamoja na saa. Hilo la mwisho ndilo tunalolipuuza zaidi. Muuguzi wa zamu ya usiku akimwachia mwenzake kompyuta ikiwa wazi, na kipimo cha dawa kikabadilishwa, kumbukumbu itamtaja yeye. Baya zaidi, asubuhi daktari atamuuliza mtu asiyejua lolote, na mgonjwa yuko kitandani anasubiri jibu.

Nywila za kompyuta zilianza mapema miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, pale mashine moja ilipotumiwa na watu wengi. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr alilichapisha faili la nywila zote, maana zilihifadhiwa waziwazi. Leo mfumo uliotengenezwa vizuri hauitunzi nywila yenyewe. Huipitisha kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, ukatunza matokeo tu. Kwa hiyo fundi hana haja ya kukuuliza nywila yako. Ukiisahau, atakuwekea nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini sheria haitasaidia iwapo wodi nzima inatumia akaunti moja, na mara nyingi chanzo si uzembe wa wauguzi, bali ni mtumishi mpya kukaa wiki kadhaa bila akaunti. Wakuu wa vituo, mfungulieni yake siku anayoripoti kazini, na ifungeni siku anayoondoka.