Je, wajua damu iliyokwama hung'aa kwenye picha?

Msichana akijikunja kwa maumivu kila akiingia mwezini, katika nyumba za Waswahili wa Muscat bibi huwa na neno lake, lile lile alilolisikia Unguja: "Vumilia mjukuu wangu, ukizaa yataisha." Mara nyingine huisha kweli. Mara nyingine ni endometriosisi: tishu kama ile ya utando wa ndani wa kizazi imeota nje, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata ukutani mwa utumbo, ikivuja damu isiyo na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Damu hiyo ikijikusanya ndani ya ovari hugeuka uji mzito wa hudhurungi. Mwaka 1921 daktari Mmarekani, John Sampson, aliufananisha na chokoleti. Mtu wa Muscat, wapenda haluwa wanisamehe, angekuwa na mfano wa karibu zaidi.

Kuutafuta uvimbe huo wa damu kwenye ovari, altrasaundi hupigwa kwa kawaida kupitia ukeni. Uvimbe huo huonekana wa kijivu, rangi moja, kama kioo cha dirisha la bafuni. Mpimaji hodari haishii kutazama: husukuma taratibu aone kama kizazi kinateleza juu ya utumbo. Kisipoteleza, makovu yamevigandisha.

Binti ambaye hajaolewa hapimwi hivyo. Hunyweshwa maji mpaka kibofu kijae, apimwe juu ya tumbo, au apelekwe kwenye MRI katika hospitali kubwa kama ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Al Khoudh. Mashine hiyo hutumia sumaku, si eksirei, na damu ya zamani huing'aria nyeupe kwa sababu ya chuma kilichomo. Tatizo, mafuta nayo hung'aa. Basi mtaalamu huyazima mafuta kwenye picha, na kitakachobaki cheupe ni damu. Inapopigwa picha ya aina ya pili, uvimbe ule ule huingia kivuli. Hapo daktari wa picha hana shaka kubwa tena.

Vidoa vya milimita chache vilivyotapakaa kwenye utando wa tumbo ndivyo vinavyoziponyoka picha hizi. Majibu huandikwa "hakuna tatizo", na binti hurudi nyumbani kuambiwa anadeka. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa uzazi, unasema picha safi haiondoi uwezekano wa ugonjwa, na dawa zaweza kuanzwa bila kungoja upasuaji wa kamera.