Mpe Mtoto Karatasi

Wazazi na waalimu, siku moja mwanangu alimwandikia bibi yake barua. Nikaisoma, nikacheka kwa sauti kwa ajili ya makosa yake. Mtoto akaitwaa, akaikunja, asiandike tena hata miezi mingi ikapita. Kosa lilikuwa langu.

Maana karatasi ni furaha kwa mtoto. Hupenda weupe wake, harufu ya daftari jipya, kalamu ya risasi iliyochongwa vema, na bahasha yenye jina lake. Tena karatasi hutunza maneno. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zingaliko hata leo huko Goa, Bara Hindi. Walioziandika wamekufa zamani, lakini maneno yao yasomeka.

Basi mpe mtoto karatasi yake mwenyewe, na mtu wa kumwandikia. Akiisha, soma kwanza habari zake, umjibu. Makosa na yangoje kesho. Mimi nalimwambia mwanangu, “Nisamehe,” nikamwekea daftari mezani. Juzi bibi yake alipata barua. Ina makosa manne, naye ameiweka sandukuni pamoja na nguo zake nzuri.