Rekodi za Uamsho: Marekani ya Karne ya 19

Mwanzoni mwa karne ya 19, wahubiri wengi wa Marekani walishika fundisho lililowaudhi wazee wa kanisa: kwamba hakuna aliyeandikiwa moto tangu kuzaliwa, na kila mtu anaweza kuamua kutubu leo hii. Waliolipokea hawakukawia kuuliza: ikiwa mlevi anabadilika, kwa nini nchi nzima isibadilike? Swali hilo liliacha rekodi za kila namna.

Mkutano uliofurika kupita kiasi
Cane Ridge, Kentucky, Agosti 1801. Makadirio ni kati ya watu 10,000 na 25,000, ilhali Lexington, mji mkubwa kuliko yote jimboni, haukufikisha wakazi 2,000. Wapresbiteri, Wabaptisti na Wamethodisti walihubiri kwa wakati mmoja, huyu juu ya kisiki, yule juu ya mkokoteni, huku watu wakilia, wakitetemeka na kuanguka chini. Baada ya takriban wiki moja, chakula cha watu na farasi kiliisha, wakatawanyika.

Mhubiri wa safari ndefu
Francis Asbury, askofu wa Wamethodisti, alifika kutoka Uingereza mwaka 1771. Hakuoa wala hakuwa na nyumba. Hadi alipofariki mwaka 1816, inakadiriwa alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 400,000, sehemu kubwa akiwa juu ya farasi. Wahubiri wake walifuata mtindo huohuo, na kufikia katikati ya karne, Wamethodisti walikuwa dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo.

Anguko kubwa la pombe
Wakulima wa magharibi waliona nafuu kugeuza mahindi kuwa wiski kuliko kuyasafirisha. Kufikia 1830, kila mwenye umri wa miaka 15 na zaidi alikunywa kwa wastani takriban lita 27 za kileo halisi kwa mwaka, kiwango ambacho Marekani haijakifikia tena. Chama cha kupinga ulevi kilichoanzishwa Boston mwaka 1826 kilitumia mbinu za mikutano ya injili: ushuhuda, machozi na kiapo cha hadharani. Kufikia 1845, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi lita 7 hivi. Mwaka 1851 jimbo la Maine likapiga pombe marufuku.

Jumuiya ya maisha mafupi
Fruitlands, Massachusetts, 1843. Wakazi wake hawakula nyama wala kunywa maziwa, na hawakuvaa pamba kwa kuwa ilitoka kwa jasho la watumwa. Walipenda kujadili kuliko kulima. Baada ya miezi saba, baridi na njaa viliwatawanya. Kinyume chake, Washeki (Shakers), jumuiya ya kidini iliyokataza ndoa kabisa, wameingia karne ya 21, ingawa ni wachache tu huko Maine.

Ushindi uliochelewa
Seneca Falls, New York, Julai 1848: wanawake 68 na wanaume 32 walitia saini azimio la haki za wanawake. Dai la kupiga kura ndilo pekee lililokosa kuungwa mkono na wote, ingawa mpinga utumwa Frederick Douglass alilitetea. Lilitimia kitaifa mwaka 1920, miaka 72 baadaye. Kati ya waliotia saini alikuwa amebaki hai Charlotte Woodward tu, na ugonjwa ukamzuia kwenda kupiga kura.

Hesabu iliyokosea ikazaa mno
Mkulima William Miller alikokotoa kutoka kitabu cha Danieli kwamba Yesu angerudi karibu na 1843. Wafuasi wake wakaishia kutaja Oktoba 22, 1844. Siku ikapita. Baadhi ya waliobaki walirudi kwenye Maandiko, wakashika Sabato, wakaacha pombe na tumbaku, na mwaka 1863 wakaunda Kanisa la Waadventista Wasabato. Wamisionari wao walifika Upare, katika Tanzania ya leo, mwaka 1903 na Gendia, Kenya, mwaka 1906. Leo kanisa hilo lina waumini zaidi ya milioni 20 duniani, na mahubiri yake ya afya yamejenga hospitali kama ile ya Kendu, kando ya Ziwa Victoria.