Sombe: kinu na moto ndivyo vinavyoondoa sumu

Bukavu, Goma ama Uvira, chakula bila sombe ni kama hakijakamilika. Majani haya ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingine nyingi. Lakini yana pia linamarina, kinga ya asili ya mmea dhidi ya wadudu. Jani likipondwa, linamarina inageuka sayanidi, sumu kali.

Ndiyo maana sombe hutwangwa. Kinu kinaachilia sumu hiyo, kisha moto unaiondosha pamoja na mvuke. Anayeharakisha kupika ili makala yasiishe anaweza kuiacha chunguni.

Sayanidi kidogo inayobaki, mwili unaigeuza thiosayaneti, nayo inazuia tezi ya shingo kupata iodini. Kisiwani Idjwi, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walihusisha goita, yaani uvimbe wa shingo, na ulaji wa muhogo pamoja na upungufu wa iodini.

Hakuna haja ya kuacha sombe. Twanga hadi ilainike kabisa, chemsha muda mrefu chungu kikiwa wazi, tia chumvi yenye iodini. Ukiweza, kula na samaki ama maharagwe: protini zake zinasaidia mwili kujisafisha.